Dirisha la Hasira

Wizara ya Wanyama na Mandhari ina furaha kuutangazia umma kwamba hasira ya wananchi juu ya ujangili imepata ofisi.

Hivyo ndivyo tangazo lilivyosema, na lilisema kweli. Kabla ya hapo hasira hiyo ilikuwa inazurura tu, haina anwani wala msimamizi: leo iko sokoni, kesho iko saluni, kesho kutwa imeingia kwenye simu za watu na kuamka nazo. Sasa ingekaa mahali pamoja, penye dirisha, foleni na saa za kazi, na mchana ingeenda kula kama watumishi wengine wa serikali. Watu wabishi walisema ni mzaha. Hao hawakosekani.

Mkuu wa ofisi hiyo aliteuliwa mtumishi ambaye wenzake walimwita Kwamujibu. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwepo, lakini lilikuwa linatumika siku ya mshahara tu. Mtu huyu hakuweza kufungua mdomo bila kuanza na "kwa mujibu wa". Mkewe, ambaye ni fundi cherehani na hana siri, huwasimulia wateja kwamba hata siku ya kwenda kumposa alisimama mbele ya wakwe, akakohoa, akasema, "Kwa mujibu wa mazungumzo ya awali, nimekuja kuomba mke." Wakwe walimpa. Walidhani ni msomi.

Sasa tuelewane jinsi hasira yenyewe ilivyoanza.

Palikuwa na tembo jike, mkubwa, ambaye ncha ya pembe yake ya kushoto ilikuwa imekatika, na katikati ya pembe hiyo palikuwa na mfuo ulioizunguka pande zote kama pete. Watu wakamwita Bibi Harusi, kwa ajili ya ile pete na kwa ajili ya mwendo, maana alipokuwa anavuka lami hakuwa na haraka na mtu. Madereva wa malori walizima injini wakamsubiri, wale wale madereva wasiowasubiri hata mama zao. Picha zake zilikuwa kwa vinyozi, kwenye madaftari ya shule, kwenye kuta za maduka ya dawa. Siku moja akakutwa amelala chini, ameuawa kwa risasi, uso umechongwa na pembe hazipo.

Watu waliumia. Na walipomaliza kuumia, wakakasirika, na hawakukasirika kwa zamu.

Hapo ndipo anapoingia shemeji. Mke wa Kwamujibu alikuwa na mdogo wake wa kiume, askari wa wanyamapori, kijana mrefu asiyejua kudanganya hata pale ambapo kudanganya ni adabu. Askari huyu alisimamisha gari getini, akafungua buti, akazikuta pembe mbili zimefungwa kwenye blanketi, moja ina ile pete. Dereva alitimua mbio porini. Askari akazichukua pembe, akazisindikiza mwenyewe hadi ghala la Wizara, akazikabidhi. Wiki haikuisha, pembe zikawa hazipo ghalani.

Tume ikaundwa. Ikamhoji mtunza ghala; akasema hakuziona. Ikamhoji mlinzi, hakuziona. Ikamhoji mkubwa wa mlinzi. Huyo hata hakujua pembe zinafananaje. Mtu pekee aliyekiri kuziona kwa macho yake alikuwa yule askari. Tume ikaona hakuna sababu ya kuendelea kusumbua watu. Aliyeziona ndiye aliyezipoteza. Shemeji akapelekwa rumande, akingoja hukumu.

Basi mitaani ndiyo ikawaka kabisa, na ndipo Waziri alipotoa agizo lake mashuhuri. Lilikuwa fupi, kwa sababu Waziri hakupenda kuandika: "Hasira ya wananchi juu ya ujangili. Ikomeshwe mara moja."

Agizo lilisomwa kikaoni na Mkurugenzi wa Utawala, mtu mnene wa sauti, mwenye tabia ya kukunja miwani kila anapomaliza sentensi. Kwamujibu alikuwepo, kalamu tayari. Mwisho wa meza katibu muhtasi, dada mmoja ambaye ndiye aliyekuwa anachapa barua zote za Wizara, akainua mkono.

"Samahani wakubwa. Ikomeshwe nini?"

"Kilichoandikwa," akasema Mkurugenzi.

"Maana hasira ndiyo i. Ujangili ni u. Mheshimiwa hakukusudia kusema ukomeshwe? Kwenye kibodi i na u zimekaa jirani."

Feni ilikuwa inazunguka juu, inapeperusha pembe za karatasi. Samahani, ncha za karatasi. Neno lile lilikuwa limeshaanza kuogopwa pale Wizarani.

"Kwa hiyo unasema Mheshimiwa kakosea," Mkurugenzi akasema taratibu.

"Hapana, mzee. Nasema labda kidole kimeteleza."

"Kidole cha nani?"

Yule dada akafikiri. "Cha Mheshimiwa."

"Basi," akasema Mkurugenzi, akakunja miwani.

Kumuuliza mwenyewe ilikuwa haiwezekani, kwani kumuuliza mkubwa kama alikuwa na maana ya alichosema ni utovu wa nidhamu wa wazi. Isitoshe, wajumbe walipoitazama ile i kwa utulivu waliona ina busara. Majangili wana bunduki na magari ya kupanda milima. Wananchi wana midomo tu. Mtu mwenye akili akipewa achague cha kukomesha, anajua pa kuanzia. Mafuta ya magari ya doria yakahamishiwa kwenye kitengo kipya, kwa sababu doria, kama Mkurugenzi alivyoeleza, huwa inakuta mizoga, na mizoga ndiyo inayoleta hasira.

Ofisi ikawekwa kwenye kile kibanda cha zamani cha kuuzia tiketi za mbuga, upande wa barabarani. Kilikuwa chumba chembamba chenye viti viwili, mlango mmoja wa nyuma, na dirisha. Kwa usalama wa mtoa huduma, dirisha likatiwa kioo kinene kuliko cha benki. Waziri alikuja kukizindua. Alisimama ndani ya kibanda akahutubia muda mrefu, akinyosha vidole, na watu nje wakamwona anapanua mdomo bila kusikia hata herufi moja. Walipiga makofi alipofunga mdomo. Yeye mwenyewe alisema haijawahi kutokea akahutubia watu watulivu namna ile.

Baada ya uzinduzi ndipo fundi umeme akaletwa, akafunga maiki upande wa ndani na maiki upande wa nje, spika ndogo ndani ya kibanda, na spika mbili juu ya paa, moja imeelekea foleni na nyingine barabara. Watumishi wawili wa kwanza walikuwa wanaizima maiki ili wapige soga. Kwamujibu akaandika waraka wa kuzuia uzembe huo: maiki ikae wazi saa zote za kazi, swichi ifungiwe kwenye boksi lenye kufuli, na mtu wa kuizima awe fundi peke yake. Waziri akautia saini pamoja na nyaraka nyingine nyingi, bila kuupotezea muda kwa kuusoma.

Sasa huduma yenyewe. Hapa lazima nimpe Kwamujibu haki yake, maana alikuwa na kipaji. Aligundua kwamba mwananchi mwenye hasira akiulizwa maswali matano ya upole hasira inaanza kuchoka. Jina? Mnyama husika? Uhusiano wako na mnyama? Hasira imekuanzia wapi? Unapendekeza nini? Baada ya hapo anajibiwa: "Hasira yako imepokelewa. Inashughulikiwa. Pole."

Na pole zenyewe zilikuwa kwa madaraja. Pole ya kawaida ilitolewa dirishani na mtumishi yeyote. Pole sana ilihitaji saini ya Waziri. Juu yake kulikuwa na "poleni sana jamani, tuko pamoja", lakini hiyo ni ya taifa zima na lazima ipite Baraza la Mawaziri. Bila mpangilio huo, Kwamujibu alieleza, mtu anaweza kuropoka pole sana kwa mwananchi wa pole ya kawaida, na Wizara ikabaki inadaiwa huruma.

"Mimi si kwamba nina hasira," dereva mmoja wa lori alisema dirishani. "Nina uchungu. Nilikuwa namsubiri pale kwenye kona, nazima gari, namwambia pita mama."

"Uchungu ni Wizara ya Afya," Kwamujibu akamjibu. "Una hasira au huna?"

Dereva akasimama kidogo, akashusha kofia. "Sasa hivi ndiyo imeanza."

"Vizuri. Jina?"

Mwalimu mmoja mstaafu, bibi wa miwani mizito, alikuja kila asubuhi na kiti chake cha kukunja. Alisema amewafundisha wanafunzi wengi kusoma na anasikitika kuona wengine wamekuwa viongozi. Akapewa pole ya kawaida. Alikuwa nazo nyingi.

Na kazi ikaleta matokeo. Watu waliokuwa wanataka kuandamana walijikuta wanapanga foleni, na mtu akishapanga foleni anaanza kugombana na aliye mbele yake badala ya serikali. Foleni ikaanza kupungua. Mkurugenzi alipita akampiga Kwamujibu begani.

"Umetuokoa, bwana. Jumatatu hakimu anasoma hukumu ya yule askari wa pembe. Ilikuwa inatutia hofu, watu wangejaa mahakamani. Sasa ukiimaliza hii hasira kabisa, hukumu itapita kimya kimya. Atakula miaka yake, faili litafungwa, tutaendelea na mambo ya maendeleo."

"Kwa mujibu wa..." Kwamujibu akaanza, kisha hakujua kwa mujibu wa nini.

"Unamfahamu?"

"Ni shemeji yangu."

"Pole," akasema Mkurugenzi. Ya kawaida.

Kwamujibu alikaa kwenye kiti chake. Hakuwa mtu mbaya, tusimwonee. Alimpenda yule kijana, aliyemwita shemeji tangu akiwa amevaa kaptula ya shule, aliyewabebea meza ya harusi kichwani mvua inanyesha. Alikuwa amejiambia kwamba kazi ni kazi, mahakama ni mahakama, na ukweli utajulikana kwa taratibu zake. Haikuwahi kumpitia akilini kwamba kila pole aliyoitoa dirishani ilikuwa inamsukuma shemeji yake jela.

Alipoinua macho amwite mtu anayefuata, aliyesimama mbele ya kioo alikuwa mke wake. Alikuwa ametoka moja kwa moja kwenye cherehani, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni.

"Jina?" akauliza, kwa kuzoea.

"Kwa mujibu wa cheti cha ndoa, unalo."

Spika zikaipeleka sauti hiyo barabarani. Foleni yote ikanyosha shingo.

"Mnyama husika?"

"Tembo."

"Uhusiano wako na mnyama?"

"Sina. Nina uhusiano na aliyefungwa kwa ajili yake. Tumenyonya ziwa moja mimi na yeye. Jumamosi nilimpelekea sweta, suruali zinamvuka kwa kukonda. Akaniuliza, shemeji anasemaje? Nimwambie unasemaje?"

Kwamujibu alitazama meza. Mdomo, ambao ulikuwa na uzoefu, ukajisemea wenyewe: "Hasira yako imepokelewa. Inashughulikiwa. Pole."

"Nataka pole sana."

"Pole sana inahitaji saini ya Waziri."

"Basi nitakuja kesho. Na kesho kutwa. Mpaka asaini."

Jioni aliporudi nyumbani alimkuta anakanyaga cherehani, anashona sare za shule, hageuki. Sufuria zilikuwa zimefunikwa, jiko limezimwa.

"Mama, kuna chakula?"

"Ombi lako limepokelewa," akasema mkewe, akakata uzi kwa meno. "Linashughulikiwa. Pole."

Kwamujibu alikunywa maji akalala. Kwa mara ya kwanza katika utumishi wake aliona jibu lile lina kasoro.

Ijumaa asubuhi, siku ya kazi ya mwisho kabla ya hukumu, foleni ilikuwa fupi: mwalimu mstaafu kwenye kiti chake, dereva wa lori, watu wengine kama kumi na kitu, na mke wa Kwamujibu katikati na futi yake shingoni. Mlango wa nyuma wa kibanda ukafunguliwa kwa kishindo. Akaingia Waziri.

Alikuja peke yake, bila mlinzi, shati limechomekwa upande mmoja tu. Akafunga mlango kwa komeo, akaketi kwenye kiti cha pili, akapumua kama mtu aliyepanda ngazi.

"Kwamujibu. Nimeibiwa."

"Mheshimiwa, kwa mujibu wa waraka, hapa kuna ma..."

"Leo sitaki mujibu. Nikiongea usinikatize."

"Ni kwamba maiki..."

"Nimesema usinikatize."

Kwamujibu akanyamaza. Alikuwa ameagizwa na mkubwa wake, mara mbili, kwa lugha nyepesi.

Waziri akatazama dirishani. Nje watu walikuwa wametulia, wanamtazama. Akatabasamu, akawapungia mkono. "Hiki kioo ndicho chema kuliko vyote nilivyozindua. Unaongea mambo yako, wao wanaona meno tu." Akageuka. "Sikiliza. Jana usiku wameingia kwenye nyumba yangu ya shamba. Wamevunja stoo. Siwezi kwenda polisi, polisi watauliza kimeibiwa nini. Wewe ndiye mtu wangu wa hasira. Nina hasira, Kwamujibu, kifua kinataka kupasuka. Fanya unavyofanyaga."

Kwamujibu alinyosha mkono kwenye meza, hakujua anatafuta nini. Boksi la swichi lilikuwa ukutani, kufuli linaning'inia. Kupitia kioo alimwona mkewe. Hakuwa analia wala hakuwa amekasirika. Alikuwa amesimama tu, ameshika ncha mbili za futi, anasubiri kuona mumewe ni mtu wa namna gani.

Angeweza kujaribu kumwonya Waziri mara ya tatu. Mtumishi mwaminifu angejaribu. Kwamujibu akavuta kiti karibu na meza, ambapo maiki inasikia vizuri zaidi.

"Jina?" akauliza.

"Wewe unanitania?"

"Ndivyo tunavyofanyaga, Mheshimiwa. Bila maswali hasira haitoki."

Waziri akataja jina lake, lote, pamoja na vyeo.

"Mnyama husika?"

"Tembo, bwana. Pembe mbili. Tena pembe gani, moja ilikuwa na ile pete. Nimekaa nazo tangu zitoke ghalani, nimezifuta vumbi kwa mkono wangu, mnunuzi alikuwa aje Jumapili, halafu mwizi, mwizi tu wa mtaani, anaingia na kuzibeba. Watu hawana hata aibu siku hizi. Mtu unahangaika, unapanga watu wako getini, unampanga mtunza ghala, anakuja mtu hajapanga chochote anachukua. Huo si ujangili?"

Kule nje dereva wa lori alikuwa amevua kofia. Basi la abiria lilikuwa limesimama katikati ya barabara, chini ya ile spika ya pili, na abiria wametoa vichwa madirishani.

"Uhusiano wako na mnyama?"

"Sina uhusiano. Sijawahi hata kumwona akiwa mzima."

"Hasira imekuanzia wapi?"

"Imeanzia hapa." Waziri akajigonga kifua. "Ujue mimi nilifikiri mambo yameisha. Yule askari anafungwa Jumatatu, pembe kazipoteza yeye, kila mtu karidhika. Nikawapa agizo zuri, hasira ikomeshwe. Nasikia kuna watu humu ndani walisema nimekosea herufi. Eti nilitaka kuandika ukomeshwe. Nikomeshe ujangili mimi, nina wazimu? Nilibonyeza i na nilikusudia i."

"Unapendekeza nini?"

"Wakamatwe." Machozi yalimlenga, ya kweli. "Anayeiba pembe za tembo hana utu. Afungwe, ufunguo utupwe."

"Hasira yako imepokelewa, Mheshimiwa," akasema Kwamujibu, polepole, ili barabara nzima iandike kama inataka. "Inashughulikiwa. Pole."

Waziri akafuta macho. Akajisikia nafuu, ikabidi akubali kwamba kitengo kinafanya kazi. Kisha akagundua kwamba nje hakuna anayetikisika. "Mbona wananitazama hivyo?"

Mwalimu mstaafu akainuka kwenye kiti chake cha kukunja, akasogea dirishani, akainamia maiki ya nje. Sauti yake ikaingia kibandani bila kipingamizi. "Pole, Mheshimiwa," akasema. "Tumekusikia vizuri sana. Umetamka kila herufi."

Na foleni nyuma yake, mmoja baada ya mwingine, ikasema pole. Abiria wa basi nao wakasema pole.

Waziri akamgeukia Kwamujibu. "Zima hiyo kitu."

"Kwa mujibu wa waraka wenye saini yako, Mheshimiwa, maiki huzimwa na fundi tu. Nilijaribu kukueleza."

"Muite fundi."

Kwamujibu akachungulia nje. "Fundi yuko kwenye foleni. Naye leo alikuja na hasira yake. Ni wa nne, akifikiwa tutamwomba."

Jumatatu mahakama ilijaa hadi madirishani. Hakimu alisoma kwa haraka, kama mtu anayetaka kumaliza kabla hajaulizwa yeye, kwamba aliyeziona pembe wa mwisho amejulikana na si mshtakiwa. Shemeji akaachiwa huru akiwa ndani ya lile sweta. Dada yake alimshika masikio yote mawili, akamtazama, akaanza kumpima mabega kwa futi palepale mahakamani huku analia. Nguo zake zote zilihitaji kupunguzwa.

Wizarani, Mkurugenzi wa Utawala aligundua kwamba hajawahi kumfahamu Waziri kwa karibu. Akaagiza agizo la zamani lichapwe upya kwenye karatasi safi, lisambazwe vituo vyote, ili umma ujue kazi haijasimama. Katibu muhtasi akalichapa. Kidole chake kikateleza herufi moja. Mkurugenzi akasoma, akafungua mdomo, akakumbuka kwamba kusema kuna kosa ni lazima kwanza aseme ni kidole cha nani, akakunja miwani. Kesho yake magari ya doria yalikuwa yamejazwa mafuta.

Ikabaki kazi moja. Kwa mujibu wa mwongozo, mwananchi aliyewasilisha hasira na asiweze kufika dirishani hufuatwa alipo. Kwamujibu akavaa tai, akaenda rumande.

Alimkuta Waziri wa zamani amekaa kwenye benchi la sementi, mahali palepale alipokuwa anakaa shemeji. Walikuwa wamemkamata kwa maneno yake mwenyewe, na mtunza ghala alikuwa ameanza kukumbuka mambo. Alipomwona mgeni, alisimama.

"Kwamujibu, ndugu yangu. Nina hasira. Humu nimewekwa na watu wa kila namna. Nimedhalilishwa. Wewe najua utanielewa."

"Jina?" akauliza Kwamujibu.

Wakaenda hivyo swali kwa swali, hadi mwisho.

"Hasira yako imepokelewa. Inashughulikiwa. Pole."

"Pole tu?" Yule mzee akashika nondo. "Pole kama ya yule bibi wa kiti? Mtu kama mimi, na haya yaliyonikuta, unanipa pole ya kawaida? Nipe pole sana, Kwamujibu. Hata kwa utu tu."

Kwamujibu alimhurumia, na hilo lilimshangaza. Alifungua mkoba wake, akaupekua mwongozo kurasa zote, akaufunga.

"Ningependa sana," akasema. "Ila pole sana inahitaji saini ya Waziri, na kwa sasa hatuna."

Akamuaga kwa heshima, akaondoka mapema. Nyumbani walikuwa wanamsubiri ndipo wapakue.